Pato la Nyumba ya Katikati: Tunajuaje Kama Kijiji Kinainuka?



Katika mikutano ya vikundi huku Kitui kuna ubishi ambao hauishi. Mmoja husimama akasema, "Maendeleo yamekuja. Tazameni mabati, tazameni pikipiki, tazameni simu." Mwingine humjibu, "Maendeleo gani? Zamani elfu moja ilitosha wiki nzima, siku hizi haifiki Jumatano." Wote wawili hupigiwa makofi, kisha mwenyekiti anaendelea na ajenda nyingine.

Ubishi huu si mambo ya kupitisha wakati. Kwa jibu lake tunaamua mchango wa kila mwezi uwe shilingi ngapi. Kwa jibu lake tunaamua ni watoto wa nani wasaidiwe karo, na tuseme nini katika wadi wakati wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 jambo hili limeingia katika kila nyumba, kwa sababu ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tunayoiita SHA. Nyumba ambayo haina mtu wa mshahara hutakiwa kulipa asilimia 2.75 ya pato lake linalokadiriwa, na isiwe chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Makadirio hayo hutokana na maswali kuhusu nyumba yenyewe, vitu vilivyomo na hali ya maisha. Maana yake ni kwamba kuna mahali pato lako linakadiriwa, upende usipende. Basi afadhali nasi tujue pato hukadiriwa namna gani.

Katika toleo hili tunaeleza mambo matatu: pato la katikati ni nini, wataalamu hulipataje kwa kaunti nzima mwaka hadi mwaka, na kikundi kinaweza kujikadiria vipi kwa karatasi, kalamu na mkebe.

WASTANI NA KATIKATI SI KITU KIMOJA

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina nyumba tisa. Mapato yao kwa mwezi, kuanzia ya chini hadi ya juu, ni haya: 3,500, 4,200, 5,000, 6,800, 7,500, 8,000, 9,500, 12,000, na 78,500. Ile ya mwisho ina mwalimu mwenye mshahara, na tena ina lori la kubeba mchanga.

Ukijumlisha yote unapata shilingi 135,000. Ukigawa kwa tisa, wastani ni 15,000. Sasa angalieni: ni nyumba gani hapo inayopata 15,000? Hakuna. Nyumba nane kati ya tisa ziko chini ya wastani. Lori moja limeinua kijiji kizima kwenye karatasi, lakini hakuna sufuria iliyoongezeka unga.

Njia nyingine ni kuzipanga nyumba kwa mstari, maskini wa kwanza huku na tajiri kule, halafu kuangalia ile iliyo katikati kabisa. Katika tisa ni ya tano. Pato lake ni 7,500. Nne ziko chini yake na nne ziko juu yake. Hilo ndilo pato la katikati, ambalo wataalamu huliita mediani. Kama nyumba ni kumi, katikati kuna mbili, ya tano na ya sita. Jumlisha mapato yao ugawe kwa mbili.

Mwaka unaofuata mwenye lori apate shilingi 27,000 zaidi kwa mwezi, na wengine wote wabaki walivyokuwa. Wastani unapanda kutoka 15,000 hadi 18,000. Mgeni akija ataambiwa kijiji kimeendelea. Lakini pato la katikati ni 7,500 ileile. Halikudanganyika.

Hatusemi kwamba wastani ni mbaya. Kama kaunti inataka kujua pesa zote zinazozunguka, wastani unafaa. Lakini kama swali ni "nyumba ya kawaida inaishije?", basi tuulize nyumba ya katikati. Tena kikundi kinachopanga mchango kwa kufuata wastani kinajifukuzia watu wake. Mchango wa 500 ni kidogo kwa mwenye 15,000. Kwa mwenye 3,500 ni sehemu moja ya saba ya kila kitu alicho nacho. Mama huyo hatapinga mkutanoni. Ataanza kukosa Jumanne moja, halafu mbili, halafu jina lake linakatwa kwenye daftari, na wenzake wanasema ni mvivu.

PATO NI NINI, NA NINI SI PATO

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Nyumba, kwa hesabu hii, ni wale wanaolala pamoja na kula kutoka chungu kimoja. Kijana aliyeko Mombasa anayejilipia kodi ya chumba na kujipikia si wa nyumba hiyo, hata kama moyo wake uko nyumbani.

Haya yahesabiwe kuwa pato:

1. Mshahara na kibarua chochote, hata cha siku mbili.

2. Faida ya biashara, si mauzo. Mama akiuza mandazi ya shilingi 6,000 kwa mwezi, na unga, mafuta na kuni vikamgharimu 4,200, pato lake ni 1,800. Ukiandika 6,000 umemtajirisha bure.

3. Chakula kilichotoka shambani kikaliwa nyumbani. Wengi husema, "Hicho si pesa." Lakini kama kisingekuwapo kingenunuliwa. Nyumba ikila magunia sita ya mahindi yake kwa mwaka, na gunia hapo kijijini ni 3,000, hiyo ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Toeni gharama ya mbegu na ya kulima, kinachobaki ni pato. Hesabuni vivyo hivyo maziwa, mayai, kunde, mbaazi na ndengu.

4. Pesa zinazotumwa na watoto au ndugu kutoka Nairobi au kwingineko. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 pesa hizi huja mara nyingi na kidogo kidogo, mia mbili leo, mia tano wiki ijayo, kwa hiyo ni rahisi kuzisahau. Tazameni ujumbe wa simu.

5. Msaada wa serikali, kama zile shilingi 2,000 kwa mwezi za wazee waliofikisha miaka 70 walioandikishwa katika Inua Jamii.

Na haya yasihesabiwe:

Mkopo si pato, kwa sababu utarudishwa. Zamu yako ya meri-go-raundi si pato. Ni pesa zako mwenyewe zinazokurudia zikiwa pamoja. Na kuna jambo moja tunaloomba mlitazame kwa makini: kuuza mifugo ya akiba. Mwenye mbuzi ishirini anayeuza watatu kila mwaka na watatu wakazaliwa, huyo anavuna. Lakini aliyeuza kumi na wawili kwa sababu ya ukame hakupata pato, amekula mtaji wake. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kame. Nyumba nyingi zilishika pesa taslimu za mifugo wakati ule, kumbe zilikuwa zinaelekea ufukara. Ukihesabu pesa zilizoingia mkononi tu, mwaka wa njaa unaweza kuonekana kama mwaka wa neema. Basi andikeni mauzo ya namna hiyo katika safu yake peke yake.

WATAALAMU HUFANYAJE KWA KAUNTI NZIMA

Nchi hii haihesabu pato la kila nyumba. Sensa, ambayo hufanyika kila miaka kumi, huhesabu watu na kuuliza mambo kama paa, maji na choo. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,136,187 katika kaunti ya Kitui; ile ya 2009 ilikuwa imekuta 1,012,709. Lakini sensa haikai na mtu kuuliza amepata shilingi ngapi.

Kazi hiyo hufanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu kwa kuchagua nyumba chache kwa kura. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2005/06 ulipanga nyumba 13,430 nchi nzima. Ule wa 2015/16 ulipanga nyumba 24,000. Zote mbili zilichukua miezi kumi na miwili, ili zipite katika mvua na katika kiangazi. Ukigawa 24,000 kwa kaunti 47 unapata kama nyumba 500 kwa kila kaunti. Ni chache, lakini zikichaguliwa kwa kura ya haki zinatosha kusema habari za kaunti. Hazitoshi kusema habari za kata yako, sembuse kijiji chako. Kwa hiyo mtu akisimama na kutaja pato kamili la kijiji kwa kutegemea uchunguzi huo, mwulizeni ameitoa wapi nambari hiyo.

Tena wataalamu hao hutegemea zaidi matumizi kuliko pato. Wanauliza nyumba imekula nini, imenunua nini, imelipa nini. Sababu ni ya busara. Pato la mkulima huja kwa mafungu: leo ndengu zimeuzwa, kisha miezi minne hakuna kitu. Lakini kula ni kila siku. Pia watu huficha pato kuliko wanavyoficha matumizi. Kwa nyumba za mashambani, matumizi ya mwaka mzima, pamoja na thamani ya chakula cha shambani, ni kivuli kizuri cha pato.

Na hawahesabu mtoto mchanga sawa na mtu mzima. Katika hesabu ya Kenya, mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa kama 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 kama 0.65, na wa miaka 15 kwenda juu ni 1. Nyumba ya baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi na mmoja mdogo ni 1 + 1 + 0.65 + 0.65 + 0.24. Jumla ni 3.54.

KITUI KATIKA MIAKA KUMI

Sasa tutumie yale tuliyojifunza. Katika uchunguzi wa 2005/06, mstari wa umaskini wa mashambani ulikuwa shilingi 1,562 kwa mtu mzima kwa mwezi, chakula na mahitaji mengine pamoja. Katika ule wa 2015/16 ulikuwa shilingi 3,252. Aliyeishi chini ya hapo alihesabiwa kuwa maskini.

Mwaka 2005/06 zaidi ya nusu ya watu wa Kitui walikuwa chini ya mstari. Fikirini maana yake. Kama zaidi ya nusu wako chini, basi mtu wa katikati naye yuko chini. Bila hata kuambiwa mediani, tunajua kwamba mtu wa katikati alitumia pungufu ya 1,562 kwa mwezi.

Mwaka 2015/16 waliokuwa chini ya mstari walikuwa karibu 47 au 48 kwa kila watu 100. Hapo mtu wa hamsini, yaani wa katikati, alikuwa amevuka mstari, lakini kidogo tu. Matumizi yake yalikuwa juu kidogo ya 3,252. Kama alikuwa na nyumba ya watu watano kama ile tuliyoitaja, zidisha 3,252 kwa 3.54 upate kama shilingi 11,500 kwa mwezi kwa nyumba nzima, pamoja na mahindi na maziwa yake mwenyewe. Nyumba ya katikati ilikuwa inazunguka hapo, ikizidi kidogo.

Je, iliinuka? Kwa shilingi, kutoka chini ya 1,562 hadi juu ya 3,252, mtu anaweza kusema pato limeongezeka zaidi ya mara mbili. Lakini mstari wenyewe ulipanda zaidi ya mara mbili, kwa sababu bei zilipanda. Jambo la kweli ni kwamba mtu wa katikati alikuwa upande wa chini wa mstari, na miaka kumi baadaye akawa upande wa juu, akiwa amesimama ukingoni. Hayo ni maendeleo. Lakini msimu mmoja bila mvua, au ugonjwa mmoja nyumbani, unatosha kumrudisha alikotoka. Kwa hiyo wale wawili wanaobishana mkutanoni, kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Na tangu hapo bei hazikulala. Mwaka 2021 mstari wa mashambani ulikuwa umefika shilingi 3,947. Nyumba yetu ya watu watano ilihitaji kama 13,970 ili isimame mahali palepale ambapo miaka mitano nyuma ilisimama kwa 11,500.

Tuitazame SHA kwa nambari hizo. Asilimia 2.75 ya 11,500 ni kama shilingi 316. Asilimia 2.75 ya 13,970 ni kama 384. Kiwango cha chini cha 300 kinalingana na pato la kama 10,900. Aliye na 5,000 analipa 300 ileile, na kwake hiyo ni asilimia 6, si 2.75. Ndiyo maana kikundi kikitaka kuwasaidia wanachama walipe, kianze kutazama walio chini ya katikati. Na makadirio yakikuandikia pato la 20,000, yaani mchango wa 550, nawe una daftari linaloonyesha 9,000, daftari hilo ndilo litakaloyapa nguvu maneno yako utakapokwenda kuuliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMBO MANNE YANAYOPOTOSHA

Kulinganisha mwaka na mwaka ni kazi ya uangalifu. Tunaona makosa manne hurudiwa sana.

La kwanza ni bei. Shilingi ya jana si ya leo. Njia rahisi ni kubadili pato kuwa gorogoro. Tuseme pato la katikati lilikuwa 6,000 na gorogoro ya mahindi 60. Hizo ni gorogoro 100. Mwaka mwingine pato ni 7,500 na gorogoro ni 100. Hizo ni gorogoro 75. Pesa zimeongezeka, chakula kimepungua. Afadhali zaidi mtengeneze kapu la vitu: mahindi, maharagwe, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na nauli ya kwenda sokoni, kwa kipimo kilekile kila mwaka, mkaandike bei yake katika soko lilelile.

La pili ni mipaka. Ukisoma taarifa za miaka ya 1990, "Kitui" iliyomo si kaunti ya leo. Wilaya ya Mwingi ilikatwa kutoka Kitui mwaka 1993, kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47 na sehemu hizo mbili zikawa kaunti moja tena. Hata vijiji hugawanywa. Hakikisheni mnalinganisha ardhi ileile na watu wa mahali palepale.

La tatu ni msimu. Huku kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, na mavuno yake huja Februari na Machi. Ukiuliza mwaka huu Machi, na mwaka ujao Novemba wakati ghala ni tupu, utasema kijiji kimeanguka. Kumbe ni kalenda tu. Mwaka mmoja pia hautoshi. Yusufu kule Misri hakuangalia mwaka mmoja, aliangalia miaka saba ya shibe na saba ya njaa pamoja.

La nne ni watu wenyewe. Nyumba zinapungua ukubwa, vijana wanahama, wazee wanabaki na wajukuu. Pato la nyumba laweza kushuka kwa sababu mwana mwenye kibarua ameanzisha nyumba yake, ingawa hakuna aliyekuwa maskini zaidi. Kwa hiyo kila mara andikeni pia idadi ya watu na umri wao.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Hatua ya kwanza: andikeni nyumba zote za kijiji, kwa msaada wa mzee wa kijiji. Msiandike za wanakikundi peke yao. Walio kikundini ni wale wanaoweza kuchanga. Walio maskini kabisa hawamo. Wala msichague zile za karibu na barabara.

Hatua ya pili: pigeni kura. Kama nyumba ni 120, andikeni nambari kwenye vikaratasi, vitieni kikapuni, mtoto atoe 30. Iliyotoka imetoka, hata kama iko ng'ambo ya mto. Msibadilishe kwa ajili ya miguu yenu.

Hatua ya tatu: tembeleeni nyumba hizo mara nne kwa mwaka, tuseme Machi, Juni, Agosti na Novemba. Kila mara ulizeni habari za mwezi uliopita tu, maana kumbukumbu ya mwaka mzima hupotea. Chakula kipimwe kwa gorogoro na debe, si kwa kubahatisha.

Hatua ya nne: linda siri. Watu huogopa kwamba ukisema una kitu utanyimwa msaada, na ukisema huna utadharauliwa. Kwa hiyo fanyeni hesabu pamoja na mwenye nyumba kwenye karatasi yake, abaki nayo. Mwisho wa mwaka ajumlishe zile nne, agawe kwa nne, na kwenye kikaratasi achore alama tu: mstari mmoja ni chini ya 3,000, miwili ni 3,000 hadi 6,000, mitatu ni 6,000 hadi 10,000, minne ni 10,000 hadi 20,000, mitano ni zaidi ya hapo. Akunje, atumbukize kwenye mkebe uliotobolewa. Asiyejua kusoma anaweza kuchora mistari.

Hatua ya tano: fungueni mkebe mbele ya wote. Tuseme mmepata hivi: mstari mmoja 5, miwili 8, mitatu 9, minne 6, mitano 2. Jumla ni 30, nusu yake ni 15. Mafungu mawili ya kwanza ni 13. Bado mbili ili kufika 15. Kwa hiyo katikati imo katika fungu la tatu, lenye nyumba 9. Chukueni 2, gaweni kwa 9, zidisheni kwa 4,000 ambayo ni upana wa fungu hilo. Mnapata kama 890. Ongezeni kwenye 6,000. Pato la katikati ni kama shilingi 6,900 kwa mwezi.

Hatua ya sita: msijivune na nambari hiyo. Ni kura ya nyumba 30, na kura nyingine ingeleta nyumba nyingine. Kanuni ya wataalamu ni hii: ukizipanga nyumba 30, pato la katikati la kijiji kizima, mara 19 kati ya 20, liko mahali fulani baina ya nyumba ya 10 na ya 21. Katika mfano wetu nyumba ya 10 imo fungu la pili na ya 21 fungu la tatu. Kwa hiyo mwaka ujao mkipata 7,200, msichinje mbuzi wala msilie. Huenda ni kura tu. Mkipata nambari zinazopanda miaka mitatu au minne mfululizo, na gorogoro zinapanda pia, hapo semeni kweli kijiji kinainuka.

Hatua ya saba: mwaka unaofuata bakini na nusu ya nyumba za kwanza, na nusu nyingine mpige kura upya. Zile za zamani zitawaonyesha nani amepanda na nani ameteremka. Zile mpya zitawaletea nyumba zilizoanzishwa juzi, ambazo orodha ya zamani haizijui.

Wapendwa, kazi hii huchukua saa chache kwa kila msimu na daftari moja la shilingi mia. Lakini kikundi chenye nambari zake hakiambiwi tu, nacho husema. Kikienda kwenye kikao cha wadi hakilii kwa ujumla kwamba "hali ni ngumu". Kinaonyesha kwamba nyumba ya katikati ilikula gorogoro 100 na sasa ni 75, na kinaomba maji au barabara ya soko kwa sababu hiyo. Na kikirudi nyumbani kinajua mchango gani hautamfukuza mjane aliye mwanzo wa mstari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Mchango wetu wa sasa ni sehemu gani ya pato la nyumba ya katikati? Na ya nyumba ya chini kabisa?

2. Ni nani waliotoka kikundini miaka miwili iliyopita? Je, tuliwahi kuwauliza sababu?

3. Katika ukame uliopita, ni mali gani tuliuza ambayo hatujairudisha hadi leo?

4. Ni nani kati yetu, kijana kwa mama, atakayetunza daftari la bei za soko, na tutaanza mwezi gani?